Mgeni Kihambani: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Tangu tulipoandika juu ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na juu ya wageni wanaozidi kupanda miteremko ya Kilimanjaro kutafuta kahawa, maporomoko ya maji na chakula cha nyumbani, barua zimekuwa zikitufikia kila wiki. Tumechagua tano zinazogusa mambo ambayo wengi wameyauliza. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

“Baba alituachia kihamba kisichofika ekari mbili. Mibuni imezeeka, na kwa miaka mingi haikurudisha hata gharama ya dawa. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa ujenzi, anashauri tung’oe mibuni yote pamoja na nusu ya migomba, tukate miringaringa inayoziba mlima, kisha tujenge nyumba tatu ndogo za kulaza wageni zinazotazama Kibo. Je, shauri hili ni jema?” — Msomaji, Kibosho

Ndugu msomaji, nakuomba usikate. Shemeji yako anakutakia mema, na hesabu yake ya matofali na mabati huenda ni sahihi kabisa, lakini amekosea juu ya kile kinachomleta mgeni nyumbani kwenu.

Kibo inaonekana kutoka Moshi mjini, kwenye paa la hoteli yoyote yenye ghorofa, na huko huonekana kwa uwazi zaidi kuliko katikati ya migomba. Tena mlima wenyewe hujifunika mawingu saa nyingi za mchana, na mgeni aliyelipia mandhari ya kilele peke yake anaweza kuondoka baada ya siku mbili akiwa hajakiona. Kitu ambacho hawezi kukipata mjini ni kihamba: shamba lililopangwa kwa ghorofa kama nyumba, ambamo mringaringa na mfuruanje vinatandaza kivuli juu, migomba inafuata chini yake, mibuni inasimama katika kivuli cha migomba, na karibu na ardhi kuna magimbi, maharage na mboga, huku viazi vikuu vikipanda juu ya miti kwa mashina yao. Ng’ombe yuko zizini, analetewa majani na maganda ya migomba, naye anarudisha samadi inayolisha vyote hivyo. Watafiti wa mimea wamehesabu katika vihamba vya Kilimanjaro zaidi ya aina 500 za mimea, na nyingi kati ya hizo hazikupandwa na mtu, bali zilijiotea zenyewe.

Mwaka 2002 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa kutambua mifumo ya kilimo cha urithi duniani, na mwaka 2011 vihamba vya Shimbwe Juu, si mbali sana na kwenu, viliingizwa katika orodha hiyo. Havikuingizwa kwa sababu ya uzuri wa nyumba za wageni. Viliingizwa kwa sababu watu wengi wameishi kwa vizazi kwenye eneo dogo lenye mteremko mkali, wakalima mwaka hadi mwaka, na udongo haukuondoka. Ukiikata miti, mvua ya masika itapiga udongo mtupu, migomba iliyobaki itakauka mapema wakati wa kiangazi, na nyumba zako tatu zitakuwa zimesimama katika uwanja unaofanana na uwanja mwingine wowote.

Kuhusu mibuni, ninaelewa uchungu wako, kwa maana nimekulia kihambani na nimeona wazee wakipima kilo walizopata na kukaa kimya. Lakini tuitazame sababu. Mwaka 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa ukigawa kiasi cha kahawa kinachouzwa na kila nchi ulisimamishwa, bei zikaanguka, na wakulima wengi wa Kilimanjaro wakaacha kuihudumia mibuni yao au wakaing’oa. Wakati huohuo chule buni na kutu ya majani viliitesa mibuni ya zamani, na dawa zikawa ghali kuliko mavuno. Hali hiyo si ya milele. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyopo Lyamungu, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo mawili, na bei ya arabika katika soko la dunia ilipanda sana mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025. Sisemi kwamba itabaki juu, kwa kuwa kahawa haijawahi kuahidi hivyo. Ninasema kwamba ni vibaya kung’oa mbuni kwa hasira ya bei za zamani.

Basi fanya hivi. Badilisha mibuni kwa safu chache kila mwaka, ili kihamba kisikae wazi, na uipunguze miringaringa matawi badala ya kuiangusha. Itengeneze nyumba ya baba, uweke vyumba viwili safi, choo kizuri na maji ya moto, na kama ni lazima ujenge, jenga pembeni, pale palipokuwa na banda au uwanja, pasipodai mgomba hata mmoja. Kisha mwuzie mgeni siku nzima ya kahawa: achume matunda yaliyoiva, ayamenye, aone yanavyochachushwa, kuoshwa na kuanikwa kwenye kichanja, akaange kidogo chunguni, atwange kwenye kinu na anywe alichotwanga. Huko Materuni watu wanaishi kwa shughuli hiyo pamoja na maporomoko yao ya maji, na kila mbuni unaoung’oa ni ukurasa unaouchana katika kitabu unachotaka kumsomea mgeni.

Kumbuka pia mwaka 2020. Wageni walikoma kuja ghafla kwa sababu ya korona, na waliokuwa wamekopa kujenga vyumba walibaki na vyumba vitupu. Waliobaki na migomba waliendelea kula.

“Mfongo wetu, yaani mfereji wa maji, unapita nyuma ya nyumba ya jirani anayelaza wageni. Amejenga mabafu manne na kuweka tangi kubwa, na usiku hufungulia maji nje ya zamu yake. Wazee wamenyamaza kwa kuwa wageni wake hununua ndizi na kahawa kijijini. Sisi wa chini tunaamka mfongo umekauka. Tufanye nini?” — Mkulima, Uru

Mfongo ulikuwapo kabla ya biashara ya jirani yako na kabla ya serikali yoyote tunayoijua leo. Babu zetu walichepusha mto juu karibu na msitu, wakayaongoza maji kwa mkono kupitia makorongo na kingo za miamba, wakachimba nduwa za kuyahifadhi usiku ili yatumike mchana, na ukoo uliochimba ulikuwa na sauti ya kwanza katika kugawa. Lakini hakuna ukoo uliokuwa na ruhusa ya kunywa peke yake. Zamu ilikuwa sheria, aliyeivunja alitozwa faini, na aliyekosa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, alikosa maji mpaka alipe. Mfumo huo ulidumu kwa sababu wa juu alijua kwamba wa chini anaweza kupanda mlima na kuja kuuliza.

Kwa hiyo anzeni kwa kwenda kuuliza, lakini msiende kwa jirani moja kwa moja usiku na majembe. Mwiteni mzee wa mfongo, muitishe kikao cha watumiaji wote, na zamu iandikwe kwenye karatasi: siku, saa, na jina la kaya. Jirani ahudhurie na apewe zamu yake kama kaya nyingine, naye ashiriki msaragambo au alete mtu wa kufanya kazi badala yake. Matumizi ya biashara si sawa na kumwagilia maharage. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka matumizi ya maji yawe na kibali, na kwa mito yetu anayeshughulikia ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa kuwa maji haya yakitoka kwetu yanaendelea hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kama kikao kikishindikana, jumuiya ya watumia maji na ofisi ya kijiji zinaweza kulipeleka suala hilo kwa bodi.

Ushauri wangu kwa jirani, ikiwa gazeti hili litamfikia: weka mabirika ya kukinga mvua kwenye mapaa yako, kwa sababu katika miteremko ya kusini mvua haituonei, na maji ya kuoga wageni yanaweza kutoka huko. Maji ya mfongo hayafai kunywewa bila kuchemshwa, hivyo usiyategemee jikoni kwako. Mpeleke mgeni akaone nduwa ikifunguliwa asubuhi na akamsikilize mzee wa mfongo akieleza, na sehemu ya malipo ya matembezi hayo iende kwenye mfuko wa kutengeneza mfongo. Utakuwa umewapa wanakijiji sababu ya kukutetea.

“Kikundi cha vijana wetu kinataka kuwapokea wageni kwa ngoma. Mtu mmoja wa kampuni ya utalii ametuambia tuvae ngozi, tupake rangi usoni na tuwaonyeshe tambiko, kwa kuwa wageni hupenda mambo ya kale. Wazee wamekasirika, vijana wanataka fedha. Mimi kama mwalimu wao nashindwa kusema upande gani.” — Mwalimu, Rombo

Mwalimu, wazee wana haki ya kukasirika, na vijana wana haki ya kutaka fedha. Kosa liko katika shauri lililotoka nje. Mgeni akionyeshwa ngozi na rangi ambazo hakuna bibi wa Rombo anayezikumbuka, amedanganywa, na kijana aliyevaa amefundishwa kwamba maisha ya kwao halisi hayatoshi kutazamwa. Jambo la pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Tambiko liondoeni kabisa katika biashara. Tambiko lina wenyewe, lina wakati wake, na linawahusu waliokufa na walio hai wa ukoo fulani. Haliwezi kufanyika saa nne asubuhi siku ya Jumanne kwa sababu gari limefika. Isale nalo, jani la kuombea msamaha, mlitendee kwa heshima: mgeni anaweza kuonyeshwa masale yaliyopandwa mpakani na kuelezwa jinsi mtu anayeomba msamaha anavyokwenda na jani lake, na jinsi ilivyo vigumu kwa aliyekosewa kulikataa. Maelezo hayo ni mazito kuliko maigizo yoyote, na yanatosha.

Kisha vijana waulizwe wanajua nini. Nina hakika katika kikundi hicho yupo anayejua kupika mtori kwa ndizi za mshare na nyama mpaka ukalainika kama uji, yupo aliyeona mama yake akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, na yupo ambaye babu yake alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Mbege pekee inaweza kujaza siku mbili za mgeni: ndizi zilizoiva zinachemshwa kwa saa nyingi na kuachwa siku kadhaa, ulezi unaoteshwa, unakaushwa na kusagwa ukawa kimea, unapikwa uji, na gome la msesewe linatoa ule uchungu ambao mnywaji wa mara ya kwanza hukunja uso kisha anaomba tena. Mgeni ashike mwiko, akoroge, akosee, asahihishwe na mama anayejua. Mama huyo alipwe kama mwalimu, kwa kuwa anafundisha. Huko Mamba, karibu na Marangu, wahunzi wamefanya vivyo hivyo: mgeni hutazama chuma kikichomwa na kufuliwa na mtu ambaye hiyo ni kazi yake, na kisu anachokinunua kimetengenezwa mbele ya macho yake.

Tena msidhani kwamba urithi ni ule wa kabla ya kahawa peke yake. Wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kichaga wakaichukua wakaifanya yao. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichouza kahawa yao kwa pamoja na fedha zake zikajenga shule. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na vikarudishwa katika miaka ya 1980. Kijana anayeweza kusimulia hayo akiwa amesimama mbele ya mizani ya zamani ya chama cha msingi, akiwa amevaa shati lake la kawaida, atamfanya mgeni asikilize. Ngoma zichezwe, ndiyo, lakini zile ambazo watu huzicheza kweli kwenye harusi na sherehe zao, na wanafunzi wasitolewe darasani kwa ajili hiyo.

“Nimewauguza wazazi wetu mpaka walipofariki, na nimeendelea kukitunza kihamba kwa miaka tisa. Sasa napokea wageni wawili watatu kwa mwezi. Kaka zangu wanaoishi Dar es Salaam wanasema binti hawezi kuweka biashara kwenye ardhi ya ukoo. Je, ni kweli?” — Msomaji, Marangu

Pole, dada yangu, na hongera kwa miaka tisa hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Hata hivyo katika mirathi ya kimila binti bado huwekwa nyuma, na ni vyema usitegemee neno la sheria ya ardhi peke yake. Kama mirathi ya wazazi haijafunguliwa, ifungueni Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, na mgawo uandikwe. Tafuta mtoa msaada wa kisheria wilayani akusindikize. Baada ya hapo kijiji kinaweza kutoa hati ya haki miliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kubeba majina zaidi ya moja.

Lakini nisikufiche kwamba mahakama si mahali pa kuanzia. Kihamba kina makaburi ya wazazi wenu. Ndugu zako hawaogopi biashara tu, wanaogopa siku watakapokuja kuzika au kusalimia makaburi wakute ukuta na bei mlangoni. Wahakikishie hilo kwa maandishi: vyumba vya familia vitakuwa vyao kila Desemba, eneo la makaburi halitauzwa wala kupigwa picha bila ruhusa, na kila mwaka utawapa hesabu. Nawe uwadai kwa maandishi vilevile: kazi yako ya miaka tisa itambuliwe katika mgawo, na hakuna atakayeuza kipande bila wewe kukubali. Ikiwa watakataa hata hayo, ndipo uende mahakamani, na uende ukiwa na daftari la kila ulichotumia kukitunza.

Jambo moja zaidi: kwa kuwa unalipwa, unafanya biashara ya utalii, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka leseni. Nenda kwa ofisa biashara wa halmashauri akueleze hatua, na mgeni kutoka nje ya nchi umtambulishe kwa ofisi ya kijiji siku anayofika. Karatasi hizo zitakulinda pia mbele ya kaka zako.

“Sijawahi kufika Kilimanjaro. Nataka kuwapeleka wanangu wakakae kihambani siku chache badala ya hotelini. Twende lini, na tujiandae vipi?” — Mzazi, Dodoma

Nendeni kati ya Julai na Novemba, wakati kahawa inaiva na kuna kazi ya kufanya. Masika, Machi hadi Mei, njia za juu ni tope na utelezi, na watoto watachoka kabla hawajafurahi. Bebeni sweta, kwa maana jioni kuna baridi ambayo mtu wa Dodoma haitarajii, na viatu vya kukanyagia mteremko. Semeni mapema kama kuna asiyekula nyama, kwa kuwa mwenyeji ataona aibu kubwa mgeni akilala na njaa.

Watoto wafanye kazi. Wakate majani ya ng’ombe na kuyabeba, hata kama ni mzigo mdogo, kwa sababu wanawake wa Kilimanjaro wamepandisha mizigo ya majani kutoka tambarare maisha yao yote, na mtoto aliyebeba hatua mia moja atalielewa zizi kuliko aliyeelezwa. Wamwulize mwenyeji majina ya migomba. Kila mmoja una jina na kazi yake, huu wa kupika, huu wa kuiva, huu wa mbege. Wasichume chochote bila kuuliza, wala wasicheze kwenye nduwa.

Ukipenda kwenda Desemba, uliza kwanza. Siku za kuelekea Krismasi watoto wa Wachaga hurudi kutoka kila pembe ya nchi, magari hujaa barabara ya Moshi, na katika nyumba nyingi hakuna kitanda wala mkeka uliobaki kwa ajili ya mgeni.